Kwa nini wazee wetu wakihamishiwa mjini wanafifia haraka? Na hela zao nani azishike?

#1 Msambaa wa Goba

Wakuu, habari za jioni.

Nina hoja, na nataka mnibishie kwa nguvu zote. Nasema hivi: tunawamaliza wazee wetu kwa kuwahamishia mjini. Katika ukoo wetu kila mzee aliyeteremshwa kutoka Lushoto kuja Dar alikuja anatembea kwa miguu yake, na haukupita muda akawa wa kushikwa mkono kwenda msalani. Wengine tumewarudisha milimani kwenye jeneza.

Sasa zamu imemfikia bi mkubwa. Ana miaka 76, anaishi peke yake tangu baba atutoke. Analima maharage, ana migomba yake, siku ya gulio anashuka Soni na tenga lake, anauza, ananunua dagaa, anarudi. Hela zake anazishika mwenyewe. Mwezi uliopita yakatokea mawili kwa mpigo. Aliteleza uani akitoka bafuni, akaumia nyonga (haikuvunjika, tunamshukuru Mungu). Hajapona vizuri, akatapeliwa kwenye simu. Kaka yangu mkubwa kaitisha kikao: mama aletwe Dar, nyumba ipangishwe, na laini yake ya hela akae nayo kaka. Nimepinga. Naambiwa nakwepa majukumu.

Kwa hiyo: ni kweli mji ndio unaowafifisha, au naona vibaya? Na mzee aliyekwisha kutapeliwa mara moja, hela zake zinalindwaje bila kumnyang'anya?

#2 Karanga za Kuonja

Siti ya mbele kabisa. Mzazi wangu naye yuko Korogwe na kikao kama hicho kinanukia.

#3 Nesi wa Zamu

Mkuu #1, pole na mama. Lakini nianze na kukubishia kama ulivyoomba.

Wazee wengi hawaletwi mjini wakiwa wazima. Wanaletwa kwa sababu kuna kitu kimeshaanza: kuanguka, presha, kisukari, kupungua uzito bila sababu. Familia inamwona mzee anadhoofika, inamchukua, halafu akidhoofika zaidi inalaumu Dar. Wodini tunawapokea wa namna hiyo kila wiki. Ukimuuliza mtu vizuri utasikia "ah, hata kule alikuwa ameshaanza kupata kizunguzungu". Ugonjwa ulipanda naye basi.

Kwa hiyo kabla ya kugombana kuhusu wapi akae, kwanza jueni kwa nini alianguka. Aliteleza kweli, au aliona giza akaenda chini? Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

#4 Mzee Kimara

Mimi ni mzee mwenyewe, nimeletwa mjini na wanangu, na wananitunza vizuri sana, siwezi kuwasema. Ila nimwambie binti #3 kwamba kuna kitu vipimo havikioni.

Kule kwangu watu walikuwa wanakuja kuniuliza. Mpaka wa shamba uko wapi, ng'ombe huyu anaumwa nini, kijana anataka kuoa ukoo fulani, je, kuna undugu? Nilikuwa nahukumu. Hapa ninaulizwa kitu kimoja: "Babu umekula?" Asubuhi wote wanaondoka, nabaki na dada wa kazi na televisheni. Nikitaka kwenda dukani naambiwa nitagongwa na bodaboda. Nikitaka kufagia uwanja naambiwa nitaaibisha familia, majirani watasema mzee anatumikishwa. Hela ya vocha naomba kwa mjukuu.

Mtu akikaa hivyo hata miguu inasahau kazi yake.

#5 Karanga za Kuonja

Mzee #4, shikamoo. Ulichoandika nimekisoma mara mbili.

#6 Binti Pangani

Shikamoo mzee #4. Nami nakubishia #1, kwa upande mwingine.

Mama yangu tulimleta Mbagala, na amenawiri kuliko alivyokuwa kijijini. Mwanzoni alinyong'onyea kama wanavyosema wote. Kilichombadilisha ni vitumbua. Alianza kwa kuchoma vya nyumbani, jirani akaonja, akaomba auziwe. Sasa alfajiri yuko barazani na jiko lake, wanafunzi wamempanga foleni, anamjua kila mmoja kwa jina na anajua nani ana deni. Yumo kwenye mchezo wa kupokezana hela wa wanawake wa mtaa. Jioni anahesabu hela yake mwenyewe na anatukopesha sisi!

Kwa hiyo mji si tatizo. Mnawaleta wazee mnawaweka kwenye kochi, mnategemea nini?

#7 Nesi wa Zamu

#6 nakazia hapo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu wa miaka 65 na kuendelea angalau dakika 150 kwa wiki za kujishughulisha kwa kiasi cha kuhema kidogo, na juu yake mazoezi ya mizani ya mwili na nguvu siku tatu au zaidi kwa wiki, ili asianguke. Bi mkubwa wa Lushoto anayepanda na kushuka mlima kwenda shamba na sokoni anazipita hizo dakika bila kujua. Mlete Goba kwenye nyumba ya geti, zinashuka karibu na sifuri, na misuli ya mapaja ya mzee ikilala kwa wiki chache inapungua haraka sana, kuirudisha ni kazi.

Zoezi moja la kumfundisha popote alipo: akae kwenye kiti kigumu, asimame bila kushika kitu, akae tena. Arudie mpaka achoke kidogo. Mwingine awe karibu siku za mwanzo.

#8 Fundi Mchundo

Naona mnazungumzia misuli, mimi nizungumzie lile bafu, maana #1 amelipita haraka.

Mabafu ya uani nimeyatengeneza mengi. Sakafu imepigwa nili, inang'aa kama sahani, na kwa mvua za Lushoto inaota ukijani pembeni. Mzee anatoka na kandambili iliyolika soli, mkono mmoja una ndoo, mwingine umeshika khanga. Hapo hata kijana anakwenda chini.

Fanya hivi. Piga chipingi (gonga uso laini utoke) sakafu yote na njia kutoka bafuni mpaka mlango wa jikoni, mwaga saruji upya, kabla haijakauka ipitishie ufagio mgumu ibaki na mikwaruzo. Weka bomba la chuma la inchi moja ukutani, urefu wa kiwiko chake yeye, si chako. Kama ukuta ni wa udongo usifunge kwa skrubu, litang'oka siku atakapolihitaji. Simamisha nguzo mbili kwenye zege. Chooni, kama ni cha kuchuchumaa, mchomeleaji atengeneze fremu ya kukalia yenye mikono. Vile viti vya plastiki vinavyotobolewa katikati miguu yake hufunguka ghafla, msimwekee. Halafu taa ya sola uani inayowaka mtu akipita. Na maji yawe kwenye pipa lenye koki ndani ya bafu ili asibebe ndoo.

Kazi yote hiyo haifiki hata kodi ya miezi michache ya chumba cha ziada Dar.

#9 Msambaa wa Goba

Nashukuru sana #8. Nimeyanakili yote.

#3, nilimpigia mama jana kumuuliza. Anasema aliteleza. Lakini jirani anasema alimwona amekaa chini ya mgomba siku mbili kabla, ameshika kichwa.

#10 Nesi wa Zamu

Basi hapo ndipo pa kuanzia. Apimwe presha akiwa amekaa, halafu akiwa amesimama. Wapo ambao presha inashuka ghafla wanapoinuka, hasa wakiwa kwenye dawa za presha. Aamke kwa hatua: akae ukingoni mwa kitanda kidogo, ndipo asimame. Na anywe maji. Wazee hawasikii kiu kama sisi, na kina mama wengi wanajinyima maji makusudi kwa kuogopa kwenda choo cha nje usiku. Taa ya #8 itamsaidia hata hapo.

Kuna jambo nililiacha kwenye #3, linampa #1 nguvu kidogo. Mtu aliyezoea baridi ya milimani ukimleta kwenye joto la Dar la Februari, dawa ni zilezile, jasho linamtoka, maji hanywi, kizunguzungu kinaongezeka. Tunaita "mji umemkataa" kumbe dozi ingeangaliwa upya.

#11 Mkaazi wa Wete

Asalaam aleikum. Huku Zanzibar tuna Pensheni Jamii tangu Aprili 2016. Kila aliyefika miaka 70 na ni mkaazi analipwa na serikali, awe alikuwa mkulima, mvuvi au mama wa nyumbani. Shilingi 20,000 kwa mwezi. Ni ndogo, lakini nimeshuhudia inavyomrejeshea mtu heshima. Babu yangu akipokea ananunua sukari na majani ya chai, wajukuu wanakuja kunywa kwake. Bara mngekuwa nayo, mjadala huu ungekuwa mwepesi.

#12 Msomaji Tu

#11, kidogo tu: 20,000 ilikuwa mwanzoni. Ilishapandishwa ikawa 50,000. Mengine uko sahihi. Bara hakuna pensheni ya wazee wote. Kuna TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) kwa kaya maskini na kuna msamaha wa matibabu kwa mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo, jambo lililomo kwenye Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003. Kuupata msamaha kunategemea kitambulisho cha mzee na kama dawa zipo siku hiyo.

#13 Mkaazi wa Wete

Ahsante #12, nilikuwa na hesabu ya zamani kichwani.

#14 Mvita wa Zamani

Huku kwetu Kenya kuna Inua Jamii, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa waliofika miaka 70. Zikichelewa huja za miezi kadhaa pamoja, na siku hiyo mamangu hupata wageni kutoka kila pembe ya Likoni. Mpwa ana karo, jirani ana mgonjwa, binamu ana hadithi. Kufika Alhamisi hana kitu. Kwa hiyo #1, mwizi si yule wa simu pekee. Wengine huingia na "shikamoo nyanya" mdomoni, na hawa ndio wagumu kuwafungia mlango.

#15 Karanga za Kuonja

#14 binamu ana hadithi 😂 Huyo binamu yuko kila nchi.

#1 hebu tuambie, mama alitapeliwaje? Tujifunze.

#16 Msambaa wa Goba

Alipokea ujumbe kwamba ametumiwa shilingi 85,000. Dakika hiyohiyo simu ikaita, kijana analia: "Mama, nimekosea namba, ni hela ya dawa za mke wangu, yuko leba, nakuomba unirudishie." Mama ni mtu wa dini. Akakimbia kwa jirani amsaidie kubonyeza, akarudisha 85,000 yote haraka. Kumbe hakuna kilichoingia. Ilikuwa hela yake ya mbegu na ya chama cha kuzikana.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakutuambia. Nilijua kwa jirani. Aliogopa tutasema amezeeka.

#17 Wakala Buza

Mimi ni wakala, haya nayaona kila siku, na wengi wanaokuja wakitetemeka kutuma ni wa umri wa mama zetu. Ujumbe wa kweli wa hela unakuja kwa jina la huduma yenyewe, ule wa tapeli unatoka kwenye namba ya kawaida ya mtu. Lakini mzee macho hayaoni vizuri, hawezi kuanza kukagua herufi. Kwa hiyo mfundisheni jambo moja tu: simu ikimharakisha, akate, aangalie salio, halafu ampigie mwanae. Aliyekosea kutuma kweli anapiga kampuni ya simu, wao ndio wanajua kurudisha. Hakuna sababu ya mzee kurudisha kwa mkono wake.

Namba ya tapeli itumeni kwenda 15040. Na pigeni *106# kwenye simu yake muone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Nimewahi kumsaidia bibi mmoja tukakuta laini ambazo hajawahi kuziona maishani. Aliwahi kuweka dole gumba barabarani kwa vijana waliomwambia wanasajili upya.

Na jamani, namba ya siri. Wazee wanakuja dirishani wananitajia kwa sauti, foleni nzima inasikia.

#18 Ticha Mstaafu

Habari wadau. Kwa wastaafu kuna sura nyingine. Anapiga mtu anajua jina lako kamili, shule uliyostaafia, hata namba ya cheki (namba yako ya mshahara serikalini). Anajitambulisha kuwa wa mfuko wa pensheni, mafao yako yamekwama, toa kiasi fulani faili lisogee. Mtu ambaye amesubiri mafao kwa miezi atashawishika. Mfuko wenyewe umetangaza mara nyingi kwamba hautozi hela kushughulikia mafao.

Ukishapata, wanaingia wengine. Kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, kinakupa asilimia 33 kwa mkupuo, nyingine unalipwa kidogo kidogo, basi kila mtu mtaani anajua una mkupuo. Wachungaji wa kukutaka "upande mbegu" kwa sadaka, madalali wa viwanja, marafiki wa zamani. Nani asiyekumbuka upatu wa DECI wa 2009, watu walivyoambiwa wapande wavune, serikali ikaifungia na wakubwa wake wakaishia mahakamani.

#19 Msomaji Tu

Mwalimu #18, heshima yako. Asilimia 33 ilikuwa kuanzia Julai 2022. Kwenye bajeti ya 2024 ilipandishwa: waliokuwa kwenye mifuko iliyokuwa ikilipa asilimia 50 wakapewa 40, na wale waliokuwa kwenye 25 wakapewa 35.

#20 Ticha Mstaafu

Sawa, mimi niliondoka na ile ya 33. Wenzangu waliofuata wana nafuu.

#21 Karani wa Pembeni

Nafanya kazi za benki, nisitaje wapi. Kwa wastaafu kinachonisikitisha zaidi ni kadi. Mzee anakopa kwa wale wa kausha damu (mikopo ya mtaani ya riba kubwa), anaacha kadi ya benki na namba ya siri kama dhamana. Pensheni ikiingia mkopeshaji anatangulia kwenye mashine, anachukua chake na zaidi, anamwachia mzee nauli. Miaka inapita. Mkopeshaji haruhusiwi kabisa kushika kadi ya mteja, na anatakiwa awe na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Mzee akifika tawini na kitambulisho, kadi ya zamani inafungwa na anapewa mpya. Deni lake litadaiwa kwa njia za halali, lakini mshahara wa uzeeni wake unarudi mkononi mwake. Wengi hawaji kwa aibu tu.

#22 Binti Pangani

#21 na je, mzee kumpa mtoto kadi? Kwetu dada ndiye anashika kadi ya baba na kila mtu kijijini anamsifu.

#23 Mzee Kimara

Binti yangu, muulize baba yako faragha, si mbele ya dada.

#24 Karani wa Pembeni

#22, kama baba ameridhia na anaona taarifa ya akaunti, ni sawa. Lakini zipo njia zinazombakizia mamlaka. Anaweza kuwa na akaunti mbili. Moja ndogo ya matumizi, ndiyo imeunganishwa na simu na ina kadi. Nyingine ya akiba haina kadi wala simu, na kutoa kunahitaji saini mbili, yake na ya mmoja wenu. Tapeli akimpata, anapata ya wiki, hapati ya miaka.

Na msimtumie hela ya kila kitu mkononi. Umeme wake unaweza kumnunulia wewe ukiwa Goba kwa namba ya mita ukamsomea tokeni. Bili ya maji lipa moja kwa moja. Mbegu na mbolea lipa duka la pembejeo. Kinachobaki mkononi kiwe cha kwake kweli, cha kutoa sadaka, kumpa mjukuu, kununua khanga. Hicho msimuulize kimekwenda wapi.

#25 Msambaa wa Goba

#24 aya ya mwisho nitamsomea kaka neno kwa neno.

#26 Hisa na Hatifungani

Kwa mwenye mkupuo: acheni kujenga fremu za maduka. Nunueni hatifungani za serikali (unaikopesha serikali, inakulipa riba) Benki Kuu, BoT, kuanzia milioni moja, riba kila miezi sita, ya miaka 20 inalipa asilimia 15.49. Mzee analala tu hela inaingia.

#27 Msomaji Tu

#26, hiyo 15.49 ilishushwa 2022 ikawa 12.10 kwa matoleo mapya ya miaka 20, na baada ya hapo zimebadilika tena. Mtu aangalie tangazo la mnada la wakati huo, asiende na namba ya mtandaoni. Na mwenye miaka 76 hafungi hela yake yote miaka 20. Anaweza kuuza sokoni kabla ya muda, lakini bei atakayoikuta ni ya siku hiyo. Mfuko wa Jikimu wa UTT (mifuko ya uwekezaji wa pamoja) umetengenezwa kwa anayetaka gawio la kila baada ya muda na anaweza kutoa.

#28 Karanga za Kuonja

Tumetoka kwenye bafu la Lushoto tumefika Benki Kuu. Mwenye uzi yuko wapi?

#29 Tabibu Njia Panda

Narudi kwenye swali la kwanza, maana mmelijibu nusu.

Sikatai ya #3 (ugonjwa ulikuwepo), wala ya #4 (hana kauli), wala ya kochi. Lakini kuna sababu nyingine mnairuka: usahaulifu. Mzee anaweza kuwa ameanza kupoteza kumbukumbu miaka kadhaa na kijijini msijue, kwa sababu mazingira yanambeba. Njia ya kisimani miguu inaijua. Jirani anamkumbusha siku ya gulio. Kila kitu kiko pale kilipokuwa miaka 40. Mlete kwenye nyumba ngeni: usiku anatafuta choo anafungua kabati, jiko la gesi halijui, anaita wajukuu majina ya wadogo zake. Familia inasema "amechanganyikiwa baada ya kuja". Ugonjwa haukuanza Dar, umeonekana Dar.

Na utapeli unahusiana na hili. Mtu aliyekuwa makini na hela akianza kurudia malipo, kusahau madeni au kumwamini kila anayepiga simu, hiyo yaweza kuwa dalili ya mapema. Si lazima, kijana pia anatapeliwa. Lakini ichunguzwe.

#30 Mzee Kimara

Daktari #29, nasikia hoja yako. Lakini kuna hatari mkishaanza. Kijana akipoteza ufunguo kasahau, mimi nikipoteza ufunguo nina ugonjwa. Tunaacha hata kuuliza "leo ni tarehe ngapi" kwa kuogopa kutazamwa. Ndiyo maana yule mama aliwaficha watoto wake.

#31 Ng'wana Kwimba

Naomba niwaharibie kidogo hii picha ya kijiji kizuri.

Usukumani mama mzee kuishi peke yake kunaweza kumgharimu maisha. Amepika kwa kinyesi cha ng'ombe na mabua tangu utoto, moshi umemwekundisha macho, mtu anasema ni mchawi. Chunguza nyuma ya maneno hayo, mara nyingi utakuta shamba au ng'ombe na mtu anayevitaka. Mama yangu mdogo tulimwondoa usiku. Mjini kweli amenyamaza, kochi hilohilo mnalosema, lakini yuko hai.

Kwa hiyo #1 kabla ya kusema abaki, jiulize nani anaitaka ile ardhi yake. Mipaka iandikwe, hati ya kumiliki ardhi kimila ipatikane, na kama ana wosia autoe nyumbani, RITA (wakala wa serikali wa usajili) wanahifadhi wosia. Mzee mwenye karatasi zilizo mahali salama, mtu hapati faida kwa kumdhuru.

#32 Nesi wa Zamu

#31, pole sana. Umeongea kitu kizito.

#33 Mvita wa Zamani

#31 hata huku Pwani ya Kenya, Kilifi, wazee wenye mvi wamesingiziwa uchawi na wakauawa, na kisa ni mashamba. Mvi badala ya macho mekundu, mengine ni yaleyale.

#34 Binti Pangani

Kwa hiyo tuna sababu ngapi sasa? Ugonjwa wa awali, kukosa kauli, kochi, joto na dawa, kumbukumbu. Na mimi naongeza msiba. Mama yangu alipokuja alikuwa ameacha kaburi la baba. Ijumaa zote alikuwa anapita pale. Hilo vitumbua havikulitibu, tunampeleka Pangani kila mwaka.

#35 Kaka Mkubwa Tegeta

Nimetumiwa huu uzi na shemeji. Mimi ndiye kaka wa #1.

Salaam kwenu nyote, wazee shikamooni. Nimesoma yote na nina haki ya kusikilizwa. Mdogo wangu hajaandika kwamba mimi ndiye ninayepigiwa simu usiku jirani akiona taa ya mama haijawaka. Mimi ndiye niliyepanda gari usiku alipoanguka, nikamkuta kalala na maumivu tangu asubuhi kwa sababu hakutaka kusumbua watu. Laini niliitaka nikae nayo kwa hofu, si kwa tamaa. Mnaosema abaki kule, nani atakuwa pale atakapoanguka tena? Bomba la fundi #8 halimwinui mtu.

#36 Msambaa wa Goba

Kaka, shikamoo. Hilo la asubuhi mpaka usiku hukuniambia.

#37 Fundi Mchundo

Kaka #35, uko sahihi, bomba halimwinui mtu. Kwa mteja mmoja Handeni tulifanya hivi: binti wa jirani analipwa kidogo kila mwezi, asubuhi na jioni lazima afike amwone bibi kwa macho, anamchotea maji, anapiga picha moja anawatumia watoto. Bibi alikataa dada wa kulala, akakubali huyu kwa sababu anamfundisha kusuka ukili, anamwona ni mwanafunzi wake.

#38 Kaka Mkubwa Tegeta

Hilo la binti naweza kulifikiria. Nyumba kupangishwa nasimamisha kwanza. Kuhusu abaki moja kwa moja, bado sijashawishika, na mvua za masika zikianza tutaongea tena. Laini yake abaki nayo mwenyewe, lakini akiba iende kwenye akaunti ya saini mbili kama alivyosema #24, na saini ya pili isiwe yangu wala ya mdogo wangu. Awe dada yetu wa Muheza.

Nataka aangaliwe macho pia. Hata ule ujumbe wa tapeli sidhani aliusoma, jirani ndiye alimsomea. Nani anajua wapi ni bora zaidi, Tanga mjini au hospitali ya KCMC Moshi?

#39 Nesi wa Zamu

Kama ni mtoto wa jicho wanatoa kwa upasuaji mdogo na mara nyingi anarudi nyumbani siku hiyohiyo au ya pili. Anzeni hospitali ya mkoa Tanga, kliniki ya macho. Wakiona ni zaidi ya hapo watawaandikia rufaa, KCMC wana idara kubwa ya macho.

Siku ya kwenda bebeni mfuko wenye dawa ZOTE anazotumia: za presha, za maumivu alizonunua dukani, na mizizi ya kuchemsha kama ipo, msimgombeze kwa hiyo. Waombeni wampime presha amesimama. Na aulizwe yeye maswali, msimjibie.

#40 Karanga za Kuonja

Kaka #35, mkishakwenda leteni mrejesho. Mimi kikao cha Korogwe ni Jumamosi. Fundi #8, lile bomba ni inchi moja au moja na nusu? Mama yangu ana uzito kidogo.

#41 Fundi Mchundo

Inchi moja na robo basi, na nguzo zishuke futi mbili chini. Nitumie picha ya ukuta kwanza.